Mimea ya Kuning'inia Majengo: Chagua Kwanza, Mwagilia Baadaye

Majengo, mtaa wa kisiwani Mombasa, pamebanana. Nyumba imegusana na nyumba, uani umeliwa na jiko, choo na tangi la maji, na palipokuwa na nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, sasa pamesimama ghorofa. Historia ya ardhi nayo imechangia. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mitaa ya aina hii kisiwani Mombasa ilijengwa kwa utaratibu wa nyumba kuwa ya mmoja na kiwanja kuwa cha mwingine, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mtu aliye katika hali hiyo hufikiri mara mbili kabla ya kupanda mwembe. Kopo lenye mmea huhama na mwenyewe.

Kwa hiyo bustani ya Majengo tangu hapo ni ya makopo: rehani, mchaichai, asumini ya kufungia vikuba, na shubiri kwenye ndoo iliyotoboka. Kilichobadilika ni kwamba chini hapana nafasi tena, na makopo yamepanda juu. Yanatundikwa kwenye boriti za kibaraza, kwenye nondo za dirisha na kwenye kingo za roshani. Mmea unaotafutwa kwa kazi hiyo ni wa majani manene, unaojikusanya mashada, majani yakijipanga duara mfano wa waridi lililofunguka, kisha mashina yakateremka kando ya chombo. Hautaki udongo mwingi, na haufi kwa sababu wenyewe mmekwenda Lamu wiki nzima kwa Maulidi.

Hata hivyo mingi hufa, na hufa ikifuata ratiba: ikinunuliwa Januari, masika ya kwanza huwa ndiyo ya mwisho. Anayeuliza sababu huambiwa amemwagilia mno. Jibu hilo lina ukweli, lakini linamtwisha mwenye mmea kosa ambalo mara nyingi lilifanyika siku ya kununua. Hoja ya makala haya ni kwamba kisiwani Mombasa uchaguzi wa aina ya mmea una uzito kuliko matunzo. Baada ya uchaguzi huja hewa, mwanga na chombo. Maji ni jambo la mwisho katika orodha, ingawa ndilo linalozungumzwa zaidi.

Usiku wa joto

Shada la kuning'inia linalopigwa picha sana ni *Graptopetalum paraguayense*. Majani yake yana rangi ya majivu, na yakipata jua kali huingia wekundu hafifu. Licha ya jina lake la kitaalamu kutaja Paraguay, kwao ni jimbo la Tamaulipas nchini Meksiko, ambako huota kwenye miamba. Ndugu yake, *Sedum morganianum*, huteremsha mikia iliyosukwa kwa majani manono. Huyu naye ni wa Meksiko, na alielezwa kitaalamu mwaka 1938. Wote wawili ni wa familia ya Crassulaceae, na familia hiyo ndiyo iliyowafundisha wanasayansi jinsi mimea ya majani manene inavyopumua.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa ya ukaa, na wakati huohuo hupoteza maji. Mimea hii imegeuza saa. Mchana hufunga, usiku hufungua, huihifadhi hewa ile katika hali ya asidi, kisha huitumia kutengeneza chakula jua likitoka. Ni ufundi mkubwa wa kubana maji, lakini umejengwa juu ya tofauti kati ya mchana wa moto na usiku wa baridi. Usiku ukiwa na joto, mmea hutumia akiba yake kwa kasi na hupata nafuu ndogo.

Hapo ndipo Mombasa inapoachana na milima ya Meksiko, na vilevile na Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wake unataka sweta. Kisiwani, usiku wa Februari na Machi mtu hulala na feni, na hata Julai, mwezi wa baridi yetu, kipimajoto ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20 kwa kiasi kikubwa. Hewa imejaa unyevu wa bahari mwaka mzima. Mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi humwagika katika masika, Mei ikiwa kawaida ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote. Kwa hiyo mche uliolelewa Limuru ukateremshwa pwani hukutana na mambo matatu kwa pamoja: usiku usiopoa, hewa isiyokauka, na mwezi mzima wa mawingu. Maji ya kopo ni jambo la nne tu.

Funzo la Bamburi

Pwani hii tayari ina mfano mkubwa wa jambo hili, nao uko kilomita chache kaskazini mwa kisiwa. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobaki jiwe la matumbawe tupu, bila udongo na chini yake maji ya chumvi. Alijaribu aina 26. Tatu ndizo zilizofaulu: mvinje, *Conocarpus lancifolius* na mnazi. Hakuna kiasi cha kumwagilia ambacho kingeziokoa zile 23. Kutoka kwa hizo tatu, mvinje hasa, udongo ukaanza kujengeka, mimea mingine ikafuata, na leo machimbo yale ni msitu unaoitwa Haller Park.

Tofauti ya machimbo na kopo ni kubwa, lakini kanuni ni hiyohiyo. Mahali penye masharti magumu huchagua wakazi wake. Mwenye busara huanza kwa kujua ni nani anayekubaliwa, kisha ndipo anapompangia matunzo.

Nani anakubaliwa Majengo

Tunataka sifa tatu kwa mmea mmoja: ujikusanye mashada, uning'inie, ustahimili joto na unyevu. Hakuna mmea unaopata alama zote, kwa hiyo inabidi kuamua ni sifa ipi ipunguzwe.

Kundi la kwanza ni hilo la Meksiko la *Graptopetalum* na *Sedum*. Linaning'inia vizuri na lina mashada, au mikia, ya kupendeza, lakini ustahimilivu wake hapa ni mdogo. *Graptopetalum* ndiye mgumu zaidi kati ya hao wawili, na anaweza kuishi kisiwani akipewa jua la kutosha, upepo, na paa juu yake masika yote. Msimu wake mzuri ni kuanzia Julai hadi Oktoba, mvua kubwa zikiwa zimepita na usiku umepoa kidogo. Anayemtaka amnunue wakati huo, ili ajenge mizizi kabla ya joto la kaskazi.

Kundi la pili ni *Callisia fragrans*. Naye ametoka Meksiko, lakini ni wa ukoo mwingine kabisa, na joto lenye unyevu halimsumbui. Majani yake ni marefu, yanang'aa, yamejipanga duara. Katikati hutoa mashina marefu ya kutambaa, na kila shina huzaa mashada madogo njiani na mwishoni. Chombo kikiwa juu, mashada hayo huteremka hewani ngazi kwa ngazi. Si mnene wa majani kama wenzake, na hutaka maji mara nyingi zaidi. Lakini kwa mtu wa Majengo anayetaka mmea mmoja tu, unaoning'inia kwelikweli na usiohitaji kubembelezwa, huyu ndiye wa kuanza naye. Kivuli cha kibaraza, ambacho humuua *Graptopetalum*, kwake ni nyumbani.

Kundi la tatu ni shubiri, na hapa pwani yetu ni tajiri kuliko inavyojijua. Wengi hudhani shubiri ni moja, ile chungu iliyopakwa matiti ili mtoto aache ziwa. Kenya ina aina zipatazo 60. *Aloe rabaiensis* ilielezwa mwaka 1895 na imechukua jina la Rabai. Hii hukua kichaka, na mashina yakirefuka hulala. *Aloe kilifiensis*, iliyoelezwa mwaka 1942, ni ya ukanda wa Kilifi na Kwale. Ina majani yenye madoa, haina shina la kuonekana, na huzaa watoto kando yake. Kusini mwa mpaka, Handeni mkoani Tanga ni kwao *Aloe dorotheae*, ambayo juani hubadilika ikawa nyekundu mwili mzima. *Aloe juvenna*, ya nyanda za mpaka wa Kenya na Tanzania, ina mashada membamba yaliyobanana, nayo yakielemewa na uzito hulala na kumwagikia ukingoni.

Shubiri hizi haziteremki mita nzima. Hujaza chombo, kisha hufurika. Anayetaka pazia la kijani dirishani hatalipata kwazo, lakini anayetaka chombo kitakachodumu mwaka baada ya mwaka kwenye ukingo wa paa la zege, penye jua, upepo na chumvi ya bahari, hana chaguo bora. Hasa zile mbili za pwani zinayajua masika ya Mei na joto la Machi tangu zamani.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala. Shubiri za porini haziendewi na jembe. Mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa shubiri za porini kwa amri ya rais, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuidhinisha mashamba na biashara yake. Kimataifa, shubiri zote isipokuwa *Aloe vera* zimo katika orodha za mkataba wa CITES. Juu ya sheria kuna heshima: misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, ni mahali patakatifu na pia ni hifadhi ya mimea mingi isiyopatikana kwingine. Mtoto wa shubiri anaombwa kwa aliyeotesha au ananunuliwa kwa muuza miche anayezalisha mwenyewe.

Mwanga, na urefu unaodanganya

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini karibu na wiki ya pili ya Machi, na tena siku za mwanzo za Oktoba. Kati ya tarehe hizo, miezi yote ya kusi, huegemea kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi huegemea kusini. Maana yake ni kwamba dirisha lililopata jua Januari linaweza kukaa kivulini kuanzia Aprili, wakati uleule mawingu na mvua zinapoanza. Mmea ulionunuliwa Januari na kutundikwa upande wa kusini hupoteza jua na kupata unyevu katika mwezi mmoja. Kuhamisha kulabu kufuata jua mara mbili kwa mwaka ni kazi ya dakika chache, na huokoa mimea mingi kuliko mbolea yoyote.

Katika vichochoro vya Majengo, ambako ghorofa jipya linaweza kuziba mwanga wa nyumba tatu, kuna hatari nyingine. Mmea ulionyimwa mwanga hurefusha shina kuutafuta. Kwa mmea wa kuning'inia, urefu huo huonekana kama mafanikio, na wenyewe hufurahi. Tazama nafasi iliyo kati ya jani na jani. Mmea wenye afya unaweza kuwa na shina refu lililoachwa wazi na majani ya zamani yaliyopukutika, lakini ncha yake hubaki shada lililofumbana. Mmea wenye njaa ya mwanga huachanisha majani hata nchani, rangi hufifia, na shina huwa laini. Huo ukiachwa hivyo hadi masika, hauvuki.

Dawa si kuutoa kivulini na kuuweka juani siku hiyohiyo, kwani jua la pwani huunguza jani lisilozoea, na kovu lake halifutiki. Uzoeshwe kwa wiki mbili hivi, ukianza na jua la asubuhi.

Chombo na udongo

Chombo kizuri kwa hewa yetu ni kile kinachopitisha maji na kisichokaa kimeloa. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupumua kuta zote, ila ni kizito kukitundika. Kopo la rangi au mtungi uliokatwa nusu ni chepesi, na ndicho kilicho karibu. Toboa kwa msumari wa moto, matundu sita au saba chini, na mengine machache ubavuni karibu na kitako, kwa sababu chombo kikigusa ubao au ukuta matundu ya chini huziba. Kumbuka uzito pia: lita moja ya maji ni kilo moja, na udongo uliolowa hunywa lita kadhaa. Kulabu ishikwe na boriti au zege, isining'inizwe kwenye waya wa nguo juu ya vichwa vya watoto.

Udongo mweusi wa bustani peke yake hushikamana na kukaa na maji. Changanya kiasi sawa cha mboji iliyoiva, mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo. Vipande vya matumbawe vinafaa kwa shubiri za pwani, ambazo chokaa haizisumbui. *Callisia* apewe mboji zaidi. Usumba wa makumbi ya nazi ni mzuri kwa kutandika ndani ya kikapu cha waya, lakini ukichanganywa mwingi hunyonya maji na kuyashikilia, jambo linalosifiwa nchi kame na linaloozesha mizizi hapa. Mchanga wa ufukweni uachwe ufukweni, kwa sababu ya chumvi yake.

Maji

Sasa tumefika kwenye maji. Kisiwa hiki kinakunywa maji ya mbali: Mzima huko Tsavo, ambako bomba lake lilijengwa miaka ya 1950, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mgao ni sehemu ya maisha, mitungi ya mkokoteni inanunuliwa, na visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvichumvi. Mmea usiodai maji ya kila siku ni wa haki katika mtaa kama huu. Lakini maji ya kisima yakitumika mfululizo huacha chumvi udongoni, na dalili yake ni utando mweupe juu ya udongo na kwenye kuta za chungu. Maji ya mvua kutoka mabatini, baada ya manyunyu ya kwanza kusafisha vumbi, ndiyo bora. Yamwagwe mengi mara moja mpaka yatiririke chini, yaondoke na chumvi.

Ratiba ya "mara moja kwa wiki" haifai Mombasa, kwa sababu wiki ya Februari na wiki ya Mei si ndugu. Chukua kijiti cha mishikaki, kisukume hadi chini ya chombo, kiache kidogo, kisha kichomoe. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia. Masika, mmea ulio wazi kwa mvua hauhitaji tone lako, na ulio chini ya ukingo wa bati usogezwe, maana maji yote ya paa humwagikia hapo.

Wengi huua mmea kwa kuchanganya dalili za kiu na za kuoza. Mmea wenye kiu hukunjamana majani ya chini. Huwa membamba, yana mikunjo, na yakikauka hubaki kama karatasi yakiwa bado yameshika shina, huku moyo wa shada ukiwa mgumu. Mmea unaooza hugeuza majani yawe manjano yanayopenyeza mwanga, yamejaa maji, na ukiyagusa tu yanaanguka. Ukifuata shina hadi penye udongo utakuta weusi na ulaini. Huo hauokolewi kwa kukaushwa. Kata juu ya weusi kwa kisu kisafi mpaka uone nyama nyeupe au kijani isiyo na doa, kisha anza upya na kipande hicho.

Sahani ya kukingia matone nayo ina neno lake. Mbu wa Aedes huzaa katika maji machache yaliyotuama kwenye vyombo, na huuma mchana. Mombasa imewahi kupigwa na milipuko ya dengi, na kati ya mwishoni mwa 2017 na 2018 ikapigwa na chikungunya. Sahani iondolewe, au imwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwa kuwa mayai hushika kwenye kuta zake. Mmea wa dirishani usiwe sababu ya jirani kulazwa.

Kuzaliana na kugawana

Kila kundi lina njia yake. Jani la *Graptopetalum* likinyofolewa zima, likaachwa kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha likalazwa juu ya mchanga, hutoa mizizi na shada dogo baada ya wiki chache. Jani la shubiri halifanyi hivyo: huoza. Shubiri hutengwa watoto wake, kila mmoja na mizizi yake. *Callisia* ni rahisi kuliko wote, kwani kila shada la mwisho wa shina likigusa udongo wenye unyevu hujishikiza lenyewe.

Urahisi huo ndio unaoamua swali letu la mwanzo, la mmea upi uchaguliwe. Ushahidi bora kwamba mmea unafaa Majengo si maelezo ya muuzaji wala picha. Ni mmea wa jirani uliokwisha kuvuka masika mawili katika mtaa huohuo, upande uleule wa jua, kwa maji yaleyale. Mmea huo umekwisha kufanya jaribio ambalo Haller alilifanya kwa aina 26, na umefaulu. Kipande chake kina thamani kuliko mche wa bei unaoteremka kutoka bara. Kwa hiyo kabla ya kwenda kununua, tembea mtaani asubuhi moja, tazama juu, bisha hodi na uombe kipande. Na wako ukivuka masika yake mawili, usimnyime atakayebisha kwako.